Bandari ya Maharamia ya Sainte-Marie, 1693: Jinsi ya Kuijenga kwa Matofali ya Kuchezea na Familia

Ukimwambia mtoto tunajenga bandari ya maharamia, kitu cha kwanza anachotaka ni limeli likubwa la milingoti mitatu, bendera ya fuvu na ngome ya mawe yenye mizinga kila upande, na hapo ndo familia nyingi zinakwama, maana meli ya namna hiyo inameza matofali yote ya nyumba alafu bado haisimami. Mi nashauri njia nyingine kabisa. Bandari ya maharamia ya ukweli ilikuwa gereji zaidi kuliko ngome: sehemu iliyofichika, maji matulivu, chombo kimelazwa ubavu ufukweni kinakwanguliwa, watu wanauziana mchele na ng'ombe na viatu. Ukijenga hiyo unapata vitu viwili kwa mpigo, kwanza ni historia ya kweli, pili ni rahisi mara nyingi zaidi, kwa sababu chombo kilicholala ubavu unahitaji kujenga nusu yake tu.

Haya twende hatua kwa hatua. Usiogope urefu, sehemu ya chombo ndo ndefu, nyingine zinapita haraka.

1. Chagueni sehemu na tarehe kabla hamjagusa tofali

Tunajenga Sainte-Marie, kisiwa chembamba kirefu kilichoko pwani ya kaskazini mashariki ya Madagaska, Wamalagasi wanakiita Nosy Boraha. Upande wa magharibi, unaotazama bara la Madagaska, kuna ghuba iliyojificha na mdomoni kwake kuna kijisiwa kidogo, Îlot Madame. Miaka ya 1690 mwanzoni mtu mmoja anaitwa Adam Baldridge aliweka makazi hapo, akawa anauzia maharamia bidhaa alizokuwa anatumiwa na mfanyabiashara wa New York, Frederick Philipse. Kilichotusaidia sisi wajenzi ni kwamba mwaka 1699 Baldridge alitoa maelezo yake huko New York, na alikuwa na kumbukumbu ya duka hasa: meli gani iliingia, lini, ina tani ngapi, mizinga mingapi, ilileta nini.

Kwa hiyo tarehe yetu inajichagua yenyewe. Tarehe 19 Oktoba 1693 iliingia Amity, chombo cha haramia Thomas Tew, tani 70, mizinga 8, watu 60. Walikuwa wametoka kupora meli kwenye Bahari ya Shamu, na Baldridge anasema kila mtu alipata mgao wa pauni 1,200, hela ambayo baharia wa kawaida hakuwa na ndoto ya kuiona maisha yake yote. Wakaikwangua Amity hapo kisiwani, wakanunua ng'ombe na bidhaa, na tarehe 23 Desemba wakaondoka kurudi Amerika. Basi sisi tunajenga siku yoyote ya Novemba 1693, chombo kimelazwa, mizigo iko nje.

Kwanini nasisitiza tarehe hivi? Kwa sababu tarehe inamaliza ubishi wa nyumbani. Mtoto anataka bendera ya fuvu? Taarifa ya kwanza ya kuaminika ya bendera ya fuvu na mifupa ni ya mwaka 1700, ilikuwa ya haramia Mfaransa Emanuel Wynn, kwa hiyo 1693 bado. Mwingine anataka nyangumi? Nyangumi wenye nundu wanapita kwenye mlango bahari wa Sainte-Marie kama Julai mpaka Septemba, Novemba wameshaondoka. Ila akikomaa sana na nyangumi wake kuna mlango wa kutokea: tarehe 7 Agosti mwaka huohuo iliingia meli inaitwa Charles, ikitokea New York na mzigo wa Philipse, mkihamishia mandhari kwenye siku hiyo nyangumi ni halali kabisa lakini mtabidi mjenge meli inayoelea badala ya iliyolala. Mwambie achague. Mara nyingi wakishajua gharama ya kila kitu wanachagua vizuri kuliko sisi wakubwa.

2. Angalieni mlichonacho

Mwageni kila kitu sakafuni juu ya shuka kubwa, shuka inasaidia baadae kukusanya kwa mkupuo mmoja. Tengeni kwa rangi kwanza? Hapana. Tengeni kwa aina: bapa (vile vipande vyembamba), matofali ya kawaida, ya mteremko, ya duara, bawaba, vijitu (vidoli vya watu) na vikorokoro. Rangi jicho linaiona lenyewe, umbo ndo linapotea kwenye rundo. Matofali ya mtumba yaosheni kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni laini, msiyachemshe yatapinda. Na kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu ndani ya nyumba, kazi yote ifanyike mezani sio sakafuni, hivi vipande vya kinundu kimoja (kinundu ni kile kichomozo cha juu ya tofali) vinakaba koo, hapo hamna mjadala.

Vipimo vya kukumbuka ni vichache. Kinundu mpaka kinundu ni milimita 8. Bapa tatu zikipandana zinalingana na tofali moja kwa kimo. Bodi ya chini ya vinundu 32 kwa 32 ina kama sentimita 25 na nusu kila upande. Kijitu kina sentimita 4 hivi, ukimchukulia ni mtu wa mita 1.7 basi mnajenga kwa uwiano wa kama 1 kwa 42.

Bodi nne zikipangwa mbili kwa mbili zinatosha sana, mnapata mraba wa nusu mita. Ukiwa na mbili tu weka moja mbele moja nyuma, mandhari inakuwa nyembamba ila inapendeza vilevile. Chini yake wekeni kipande cha plaiwudi au boksi gumu kabla ya kuanza. Kabla, sio baada, maana hii kitu itahama meza mara nyingi kuliko unavyofikiria.

3. Nchi kavu na maji

Mpangilio: maji mbele, ufukwe katikati, nchi kavu nyuma. Theluthi moja ya maji inatosha. Maji ndo usawa wa chini kabisa, yaani bodi yenyewe ya bluu, kila kingine kinapanda juu yake.

Ufukwe msiupandishe kwa tofali zima, utaonekana ngazi. Pandisheni bapa moja kila baada ya vinundu vinne au sita, na ule mstari msiunyooshe, upindepinde. Mchanga wa karibu na maji uwe rangi iliyoiva zaidi, ule wa juu mweupe-njano. Baada ya bapa nne au tano mmeshafika kwenye majani, hapo sasa mnaruka tofali moja au mawili mkitaka mlima.

Siri ya nchi kavu ni kwamba ndani ni tupu. Msipoteze matofali ya maana kujaza. Simamisheni nguzo kila baada ya vinundu nane, za rangi yoyote ile, pinki, chungwa, zile ambazo hamna mtu anazitaka, alafu funikeni juu kwa bapa kubwa za kijani. Hii ni kazi nzuri sana ya kumpa mdogo wa nyumba, anajenga nguzo zake kwa raha na zinabeba mlima mzima.

Maji ya ghuba hii ni matulivu kwa hiyo msihangaike na mawimbi. Laza vigae laini vya bluu hapa na pale bila mpangilio, sehemu nyingine vinundu vibaki wazi, karibu na ufukwe wekeni vya kijani chepesi au vinavyopitisha mwanga kuonyesha maji haba. Povu jeupe kidogo tu pale maji yanapogusa mchanga. Kona ya mbele, upande mmoja, jengeni kijisiwa cha vinundu kama 10 kwa 12, kichaka na mwamba basi, hicho ndo Îlot Madame na kinafanya mtazamaji aelewe mara moja kwamba hii ni ghuba yenye mdomo, sio bahari wazi.

Kama mnagawana bodi, kila mtu ya kwake, kubalianeni jambo moja tu, kimo cha mpakani. Andikeni kwenye karatasi: huu mpaka ni bapa tatu, ule ni tofali mbili. Mengine yote kila mtu afanye anavyotaka.

4. Chombo: Amity amelala ubavu

Hapa ndo roho ya mandhari, chukueni muda.

Kwanza muelewe kilichokuwa kinafanyika. Maji ya joto yana minyoo inayotoboa mbao na chini ya chombo panaota majani na magamba mpaka mwendo unakufa, na haramia asiye na mwendo hana kazi. Kwa kuwa hawakuwa na bandari ya kuwapokea, walitafuta ufukwe uliojificha, wakashusha mizinga, mizigo, mapipa, kila kizito, alafu wakafunga kamba na kapi kwenye mlingoti na kuuvuta kuelekea nchi kavu mpaka chombo kikalala na tumbo lake likaangalia maji. Wanachoma majani kwa moto mdogo, wanakwangua, wanabadilisha mbao zilizooza, wanatia kalafati kwenye nyufa, wanapaka mchanganyiko wa shahamu na salfa. Wakimaliza upande huo wanageuza wa pili.

Ona inavyotufaa: tumbo linatazama maji, na maji yako mbele, kwa hiyo mtazamaji anaona tumbo. Deki iko nyuma, haionekani vizuri, hakuna haja ya kuijenga kwa ukamilifu. Vyumba, ngazi, mizinga ya ndani, vyote mmesamehewa.

Ukubwa sasa. Chombo cha tani 70 kwa kawaida kilikuwa chini ya mita 20, kwa uwiano wetu hiyo ni chini kidogo ya vinundu 60, lakini kwenye bodi ya 64 kitabana kila kitu. Punguzeni mpaka vinundu 38 au 40, macho hayatalalamika.

Anzeni na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo: mhimili wa upana wa kinundu kimoja, urefu 36, umefungwa kwa bapa ndefu zinazopishana viungo ili usikatike. Omo (mbele ya chombo) ipande kwa mkunjo kwa kutumia mteremko uliogeuzwa, tezi (nyuma yake) iwe wima na nafasi ya usukani. Alafu mataruma, yaani mbavu za chombo, manne au matano yanatosha, kila moja ni matofali yanayopungua kwa ngazi kutoka ubavuni kwenda mkukuni. La katikati liwe pana zaidi, ya omo na tezi yawe membamba. Yakae umbali wa vinundu saba nane.

Mbao za ubavu ni bapa ndefu za upana wa vinundu viwili, mnazilaza kwa urefu wa chombo kutoka mkukuni kwenda juu, na kati ya safu na safu mnaweka bawaba mbili au tatu ili ubavu ukunje kufuata mataruma. Safu nne au tano mmemaliza. Msilazimishe kila safu ishike kila taruma, bana sehemu mbili tu, omo na katikati, kwingine bapa zitajilaza zenyewe kwa uzito wake. Na kukiwa na upenyo huku na huku afadhali, huo ndo ubao unaosubiri kubadilishwa, mwekeeni seremala na nyundo hapo hapo.

Kama bawaba hamna, jengeni ubavu wa ngazi kwa mteremko uliogeuzwa, mkuku ukiwa chini kama meli ya kawaida, alafu kilazeni chote juu ya nguzo mbili. Si laini ila kwa mbali kinakubali.

Kukilaza: nyuzi kama 45. Chini ya hapo kinaonekana kimepweleka tu kwa bahati mbaya. Kishikizeni na nguzo mbili za ndani zilizojificha nyuma ya mataruma, na moja iishie kwenye bapa yenye kinundu kimoja tu, ili chombo kiweze kung'oka na kurudi bila kuvunja ufukwe. Mlingoti ni mmoja, mtautoa upande wa nyuma ukielekea nchi kavu, na kutoka kichwani mwake vuteni kamba mbili mpaka kwenye vigingi vinene vilivyopandwa ardhini. Vigingi viwe na mizizi, yaani vishuke mpaka kwenye bodi, kamba ikikazwa inang'oa kigingi cha juujuu. Uzi wa kushonea ni mwembamba sana, sokoteni nyuzi tatu za pamba pamoja na kuziloweka kwenye chai iliyokolea, zikikauka zinapata rangi ya katani. Matanga yasiwepo, yamekunjwa yako ufukweni.

Sasa rangi, na hapa waachieni watoto. Gawa tumbo vipande vitatu. Sehemu ya omo bado chafu: bandikeni vipande vya duara vya kinundu kimoja, kijani, kahawia, kijivu, ovyo ovyo, vingi. Katikati panachomwa na kukwanguliwa: weusi, vijiti vyenye moto, watu wawili watatu na vikwangulio. Tezi imeshasafishwa na kupakwa: nyeupe au rangi ya krimu. Mtu akitazama kutoka kushoto kwenda kulia anasoma kazi nzima bila kuelezwa. Mimi kwangu hii sehemu inashinda ngome yoyote.

Mizinga minane msiisahau. Ilishushwa ili kupunguza uzito, na chombo kikiwa kimelala maharamia wako uchi, adui akitokea hawana pa kukimbilia, ndo maana watu wa aina hii walikuwa wanaipanga mizinga nchi kavu kulinda kazi. Wekeni minne nyuma ya magunia na magogo ikielekea mdomo wa ghuba, minne ilale tu mchangani ikisubiri. Mzinga bila gurudumu ni kipande cha duara cheusi na koni, rahisi.

5. Boma, nyumba, miti

Makazi ya Baldridge yazungushieni boma la miti. Panga vipande vya duara vya kahawia vinne au vitano juu kwa juu, vimo visilingane, juu weka koni. Inakula vipande vingi, kwa hiyo zungusha pande mbili tu zinazoonekana, nyuma acha wazi, hata mikono yenu itapata pa kuingilia. Ndani ya boma: nyumba moja na ghala moja.

Nyumba za pwani ile ya mashariki zimeinuliwa kidogo juu ya vijiguzo, kuta na paa ni za mti na majani. Kwa hiyo vijiguzo vya kinundu kimoja kwenye kona, sakafu ya bapa, kuta za rangi ya mchanga kimo cha matofali manne, paa la bapa mbili za kahawia zilizoshikwa na bawaba. Paa litoke. Msijenge kitu chochote chenye ndani ambacho paa lake halitoki.

Mti wa lazima ni ravinala, ndo unamwambia mtu hapa ni Madagaska na sio mahali pengine popote penye minazi. Majani yake yote yamesimama kwenye mstari mmoja bapa na kufunguka nusu duara. Shina la duara, juu yake bapa yenye vishikio, majani marefu saba au tisa yote yamechomekwa uelekeo mmoja. Mitatu inatosha, mingine iwe minazi na vichaka vya kawaida.

6. Bidhaa

Hii ni hatua ya watu wanaopenda vikorokoro, na orodha tunayo. Charles ilimletea Baldridge jozi 44 za viatu, soksi dazeni 6, mashati ya madoa na suruali dazeni 3, kofia 12, vifaa vya seremala, mapipa 5 ya ramu, mvinyo wa Madeira, masanduku 10 ya pombe kali, mawe mawili ya kunolea, misumeno, mitungi 3 ya mafuta, vyungu viwili vya chuma, mapipa 3 ya baruti, majembe dazeni 3, mbegu za bustani, na usishangae, vitabu vya kufundishia kusoma na Biblia mbili.

Msijenge vyote. Chagueni sita saba na viwe wazi: rundo la kofia kwenye meza, mapipa ya ramu upande mmoja na ya baruti mbali na moto wa ufukweni (mtoto makini atauliza kuhusu hilo, muwe mmeshajipanga), jiwe la kunolea kutokana na gurudumu dogo la kijivu, majembe yameegemea ukuta, na Biblia moja, kigae cha kahawia tu cha kinundu kimoja kwa viwili, juu ya pipa. Sanduku la hazina la kuzikwa sahauni, hela ilikuwa inagawanywa watu sawa sawa na hisa zao na kila mtu na mfuko wake. Vinundu vya dhahabu na fedha viweke mezani kwenye vijirundo vilivyolingana, mtu mmoja anahesabu, wengine watano wanamkodolea macho.

7. Watu

Hamhitaji 60. Kumi na mbili hadi kumi na tano wa chomboni wanatosha, wengine chukulia wamelala kivulini. Ila hakikisheni wenyeji ni wengi kuliko maharamia, maana ndo ilivyokuwa kisiwani na Baldridge mwenyewe anasema chakula cha safari watu wa Tew walikinunua kwa wenyeji, yeye aliwauzia ng'ombe. Kwa hiyo wekeni mwanamke na vikapu vya mchele, vipande vyeupe vidogo kwenye kikombe, mwenye kuku, wavuvi na mtumbwi, mtu anaswaga ng'ombe. Ng'ombe wa Madagaska ana nundu, ukimjenga kwa matofali nundu ni kipande kimoja cha mteremko mgongoni, ukiwa na ng'ombe wa kununua mbandikie tu. Nguo za wenyeji rangi ya mchanga na kahawia zisizo na michoro, nguo za maharamia mchanganyiko usiofanana. Miguu ya mbao na mikono ya ndoano punguzeni mpaka mmoja, au asiwepo.

Kuna jambo la kuongea na watoto hapa na lisirukwe. Ile meli Charles iliondoka na vipande vya fedha 1,100, ng'ombe 15, vipande vya chuma 57, na watu 34 waliouzwa utumwani. Biashara hiyo ndo ilikuwa sehemu ya utajiri wa bandari yote. Mwaka 1697 wenyeji waliinuka, wakaua Wazungu kama 30 na kuchukua mali ya Baldridge, yeye alikuwa nje kwa safari ya biashara na hakurudi tena. Ilisemwa kwamba chanzo ni yeye kuwauza watu wa hapo hapo. Msijenge watu waliofungwa kama pambo la kuchekesha. Namna nzuri ninayoiona ni kumweka mzee mmoja mwenyeji na watu wake wamesimama juu kidogo, wanaangalia boma, hawauzi kitu, hawafanyi kazi. Mkubwa akiulizwa hawa wanafanya nini, anasimulia.

Kwa wadogo kabisa wape kila mmoja kijitu chake chenye jina alilotunga na kazi aliyomchagulia, ataulizia huyo mtu kila siku na atajua kama kuna mtu kamhamisha.

8. Picha, kuhamisha, na kubadilisha

Picha piga simu ikiwa imelala usawa wa macho ya vijitu, sio kutoka juu, na nyuma weka kadi kubwa ya bluu hafifu ili kabati la vyombo lisionekane. Mwanga wa dirishani asubuhi unatosha. Jua la moja kwa moja la kila siku lisiipige, matofali meupe yanageuka njano na ya bluu yanapauka.

Gundi msiitumie. Kuhamisha: toeni kamba kwanza, alafu mlingoti, alafu chombo chote kama kipande kimoja, paa, boma, miti, mwisho bodi moja moja. Mkirudisha mfuate kinyume chake. Kabla ya kubomoa kabisa piga picha ya mataruma kutoka nyuma, ndo sehemu pekee ambayo hamtaikumbuka ilivyokaa.

Na mkichoka na 1693 ardhi ibakini nayo. Aprili 1698 haramia William Kidd aliingia ghuba hiihii na Adventure Galley iliyokuwa inavuja vibaya mpaka ikaachwa hapohapo, watu wake wengi wakamkimbia, akaondoka na meli aliyoiteka, Quedagh Merchant. Kwa hiyo mnatoa Amity, mnaweka majini meli kubwa iliyozama nusu, na habari njema ni kwamba iliyozama nusu nayo ni nusu tu ya kujenga, juu ya maji. Boma la Baldridge livunjeni baadhi ya miti, kofia zote 12 ziondoke mezani, na yule mwenye mchele abaki.